Waliomba Lugha, Tukawapa Bangokitita

Mwaka 2011, nilipokuwa nafungasha vitu vyangu ili niiachie nyumba ya mkuu wa chuo mtu mwingine, nilikuta boksi la karatasi za kudurufia limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake zilikuwamo fomu za semina. Panya walikuwa wameshakula pembe za zile za juu, lakini za chini zilikuwa safi, na mwandiko wa walimu ulisomeka kama umeandikwa jana. Nilikaa juu ya sanduku nikazisoma hadi jua likazama, na mke wangu akaja kuuliza kama nimeugua.

Naomba msomaji anivumilie kwanza nieleze fomu hizo zilikuwa za nini, maana yote nitakayoyasema hapa yametoka ndani ya boksi hilo. Mwaka 1996 chuo chetu kilipewa kazi ya kuendesha semina ya wiki moja kwa walimu wa lugha, wa Kiswahili na wa Kiingereza, wa msingi na wa sekondari, kutoka wilaya zilizotuzunguka. Fedha zilikuwa za wafadhili. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo, na ndiye niliyekuwa kiongozi wa wawezeshaji, kwani miaka hiyo tulikuwa tumeanza kuona haya kuitwa wakufunzi, tukajiita wawezeshaji. Siku ya mwisho, kabla ya kugawa vyeti na nauli, tuliwapa walimu fomu yenye maswali matatu: umefurahia nini, nini hakikukufaa, na ungependa semina ijayo ifundishe nini.

Maswali mawili ya kwanza waliyajibu kama mtu anavyomjibu mkubwa wake. Wamefurahia yote. Hakuna kisichowafaa, labda maji ya kuoga. Lakini la tatu walilijibu kwa namna nyingine kabisa. Wengi walimaliza mistari tuliyowapa wakageuza karatasi wakaendelea nyuma.

Mwalimu mmoja wa kike, wa Kiingereza, shule ya msingi, aliandika hivi: "Hii ni semina yangu ya nne. Nimefundishwa mara nne namna ya kufundisha Kiingereza. Hakuna aliyenifundisha Kiingereza." Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari aliuliza kama neno kiongozi liko katika ngeli ya KI-VI au ya A-WA, kwa sababu kitabu kimoja kinasema hivi, kingine kinasema vile, na mtihani wa taifa unataka jibu moja. Mwingine alitaka afundishwe namna ya kusahihisha insha za wanafunzi wa mikondo mitatu bila kupoteza akili. Mwingine aliomba kamusi. Hakuomba semina ya matumizi ya kamusi, aliomba kamusi. Mmoja, na huyu ndiye aliyenikosesha usingizi usiku ule, aliandika kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata mtu mmoja wa kukaa ndani ya darasa lake akamwambia ukweli, ila mkaguzi, na mkaguzi huja kutafuta kosa.

Fomu hizo sikuzituma popote. Aliyetufadhili alikuwa na fomu yake ya taarifa, yenye visanduku vya kujaza, na kisanduku kimojawapo kiliuliza kama malengo ya semina yamefikiwa. Nilijaza ndiyo. Nikatia sahihi na muhuri. Za walimu nikazifunga kwa katani.

Sasa niseme ninachotaka kusema, nikiwa mtu wa zaidi ya miaka sabini asiyemwogopa tena ofisa yeyote. Mwalimu wa lugha anapotafuta kujiendeleza, kitu cha kwanza anachokitafuta ni lugha yenyewe. Mbinu za kufundisha ni za pili, na ni za pili kwa mbali. Sisi wakufunzi, wakaguzi, wataalamu wa mitaala na wafadhili wetu tumeupindua mpangilio huo kwa miaka mingi, tukampa mbinu juu ya mbinu, na tulipoona lugha haipandi tukasema mwalimu hajaelewa mbinu, tukamwita semina nyingine. Sikuwa mtazamaji katika jambo hili. Nilikuwa mstari wa mbele nikiwa na maka peni mkononi.

Waliowahi kuhudhuria semina hizo watanikumbuka nikieleza. Asubuhi ya kwanza washiriki wanajitambulisha, kisha mwezeshaji anauliza: "Matarajio yenu ni yapi?" Watu wanataja, naye anaandika kwenye bangokitita kwa wino wa buluu. Hofu zao nazo zinaandikwa, kwa wino mwekundu. Karatasi hiyo inabandikwa ukutani karibu na dirisha. Baada ya hapo hufuata mada, na mada zilishaandaliwa na kudurufiwa wiki mbili kabla mshiriki wa kwanza hajapanda gari. Watu wanagawanywa katika vikundi kwa kuhesabu moja hadi tano. Kila kikundi kinajadili, kinaandika kwenye bangokitita yake, kinachagua mtu wa kuwasilisha, wengine wanapiga makofi. Wakisinzia baada ya chakula cha mchana wanasimamishwa waruke na kuimba. Ijumaa jioni mhudumu wa chuo anakuja kubandua karatasi zote ukutani, pamoja na ile ya matarajio, na zinakwenda kuwashia moto jikoni. Nimeziona zikiwaka, na wala sikuona ajabu.

Sisemi mbinu hazina maana. Mwalimu asiyejua kupanga somo atawachosha watoto hata kama lugha anaijua kama mwandishi wa vitabu. Lakini kuna jambo ambalo sisi tuliohubiri mbinu shirikishi hatukulisema wazi, na pengine hatukulifahamu wenyewe: mbinu hizi mpya zinadai lugha nyingi zaidi kutoka kwa mwalimu kuliko zile za kale tulizozitukana.

Chukua somo la Kiingereza la miaka ya 1960, lile nililofundishwa mimi. Mwalimu alifungua kitabu, akasoma sentensi, sisi tukairudia. Akabadili neno moja kama kitabu kilivyoelekeza, sisi tukarudia tena. Lilikuwa somo kavu, sikatai. Ila sentensi zote zilikuwa sahihi, kwa sababu kitabu ndicho kilichokuwa kinajua kwa niaba ya mwalimu. Leo tunamwambia mwalimu yuleyule aweke kitabu kando, awape watoto picha ya soko, waizungumze wenyewe kwa wenyewe, naye apite katikati yao akiwasaidia. Vema sana. Ila sasa mtoto anaweza kusema chochote. Anaweza kutoa sentensi ambayo haimo katika kitabu chochote, na mwalimu atakiwa ajue papo hapo kama ni sahihi, kama si sahihi kosa liko wapi, na atamwonyeshaje bila kumvunja moyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeoga katika lugha. Kumpa kazi hiyo mtu ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye kitabu cha kiada, kisha kumwongezea semina juu ya faida za vikundi, ni kumtwisha mtu gunia na kumpa hotuba juu ya mwendo mzuri.

Nitatoa mfano. Baada ya mtaala wa sekondari kubadilishwa mwaka 2005 ili ujenge ujuzi badala ya kukaririsha, nilimtembelea kijana niliyemfundisha chuoni, sasa akiwa mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha pili. Somo lake lilikuwa zuri la kutazamwa. Madawati yamegeuzwa, vikundi vinane, picha kila kikundi. Mwanafunzi mmoja, msichana mrefu, akasimama akaeleza picha yake kwa sentensi tatu. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilichanganya wakati uliopita na uliopo. Ya tatu ilikuwa na neno lililotumika kinyume cha maana yake. Kijana wangu akatabasamu, akaliambia darasa limpigie makofi kilo moja. Makofi yakapigwa. Kikundi kingine kikasimama, makosa mengine, makofi mengine.

Tulipotoka tulikaa chini ya mwembe, nikamuuliza kwa nini hakusahihisha. Nilidhani atanijibu kwa nadharia, kwamba kumkatiza mtoto kunamkatisha tamaa, maana hilo mimi mwenyewe nililifundisha. Aliangalia chini kwanza. "Mkuu," akasema, "sikuwa na hakika. Sentensi ile ya pili nilihisi ina kasoro lakini sikujua kasoro yenyewe. Ningeisahihisha kwa kosa jingine mbele yako na mbele yao, ningeiweka wapi sura yangu?"

Tangu siku hiyo nikisikia makofi darasani huwa nasikiliza yanaficha nini. Kijana yule hakuwa mvivu. Andalio lake la somo lilikuwa kamili, zana alichora mwenyewe usiku kwa taa ya chemli. Alihitaji mtu wa kumkalisha na kumpitisha katika nyakati za Kiingereza, na kumpa vitabu asome mpaka sentensi mbovu imkereketa sikioni kabla hajajua sababu. Hilo halikuwamo katika semina zetu hata moja.

Watu watauliza, ilikuwaje tukafika hapo? Historia yake inajulikana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa haraka hiyo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko kazini, kwa masomo ya posta na redio na kwa kusimamiwa na walimu wa zamani. Nimesikia watu wakiwacheka walimu wa UPE, na sipendi. Bila wao vijiji vingi visingejua kusoma. Lakini Kiingereza walichofundisha kilikuwa kile walichotoka nacho darasa la saba, na wanafunzi wao ndio waliotujia vyuoni katika miaka ya 1980 na 1990 kusomea ualimu. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunzia masomo yao. Sisi tuliokuwa madarasani hatukushangaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa Waingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza katika shule za sekondari, na pamoja na mambo mengine ukaleta vitabu vya hadithi vya lugha rahisi ili wanafunzi wasome kwa kujifurahisha. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko mengi niliyoyaona. Katika shule moja niliyoitembelea vitabu vilikuwa vimefungiwa stoo ili visipotee, na kweli havikupotea. Vililiwa na mchwa vyote vikiwa vimehesabiwa. Lakini shule nyingine mwalimu alilifungua boksi, na kabla hajamgawia mwanafunzi yeyote alivisoma yeye mwenyewe, kimoja baada ya kingine, vyote. Aliniambia hajawahi kupata mafunzo mazuri kama yale. Hakukuwa na mwezeshaji. Hakukuwa na cheti.

Nimeongea sana juu ya Kiingereza, na msomaji anaweza kudhani kwamba walimu wa Kiswahili hawana shida hii, kwa kuwa lugha ni yao. Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Mwalimu wa Kiingereza angalau tulikubali kimyakimya kwamba hajui. Mwalimu wa Kiswahili tulidhani amezaliwa anajua.

Katika lugha niliyonyonya kwa mama yangu, sauti r na l si sauti mbili. Nilipoingia chuo cha ualimu mwaka 1970 nilikuwa na Kiswahili cha alama za juu kwenye karatasi, lakini mdomoni kura na kula kwangu vilikuwa kitu kimoja. Katika mazoezi ya kufundisha niliwaandikia watoto ubaoni sentensi ambayo wote waliinakili na wote waliinakili vibaya. Mkufunzi wetu wa Kiswahili, mzee wa pwani, alikuwa amekaa nyuma. Hakusema neno mbele ya watoto. Jioni aliniita akaniambia, "Mwanangu, kuanzia kesho baada ya michezo uwe unakuja nyumbani kwangu." Nikaenda. Alinipa gazeti la Uhuru nilisome kwa sauti, na kila nilipokosea aligonga meza kwa kidole, mara moja tu, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake. Ilichukua muhula mzima. Hata leo nikikasirika sauti zile hurudi kuchanganyika, wajukuu wangu wanacheka.

Nimehudhuria na kuendesha semina nisizoweza kuzihesabu tangu wakati ule. Hakuna hata moja iliyonifanyia yale ambayo kidole cha mzee yule kilinifanyia, na nashangaa kwamba nilipopata madaraka ya kupanga mafunzo ya wengine sikukikumbuka.

Lile swali la ngeli nalo si la kudharau. Walimu wetu wameachwa katikati ya mifumo miwili. Mmoja unagawa majina kwa umbo lake, kwa hiyo kiongozi, kipofu na kiboko wanakaa pamoja na kitabu na kiti. Mwingine unagawa kwa upatanisho, na kwa kuwa tunasema kiongozi amefika na si kimefika, basi anakwenda pamoja na mtu na mtoto. Kila mfumo una sababu zake, na mtu akielezwa kwa saa mbili na anayejua atatoka na amani moyoni. Lakini mwalimu yule alikuja semina na swali lake la miaka, tukamfundisha namna ya kutengeneza kadi za maneno. Alirudi na kadi nzuri sana za ngeli ambazo hakujua azipange vipi.

Na fasihi je? Nimekutana na walimu wanaofundisha ushairi ambao hawajawahi kusoma diwani moja kutoka jalada hadi jalada. Wanafundisha vina na mizani kutoka kwenye nukuu walizonakili wakiwa wanafunzi, na nukuu hizo nazo zilinakiliwa. Siwalaumu peke yao. Diwani yenyewe waione wapi, na kwa mshahara upi?

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu majibu hayo niliyatoa mimi. La kwanza ni kwamba walimu hawatafuti maendeleo yoyote, wanatafuta posho. Nimekaa katika vikao ambamo jambo hili lilisemwa kwa kicheko, na waliolisema walikuwa wanasaini posho kubwa kuliko za walimu. Mwalimu wa miaka ile alisafiri juu ya gunia za mahindi katika lori, akaacha watoto wake na mkopo dukani. Angekosaje kuuliza posho? Haki yake ilikuwa posho, na kuipenda hakumzuii mtu kupenda kujua. Ushahidi ninao ndani ya boksi: nyuma ya zile fomu hakukuwa na senti moja ya kulipwa, fedha zilikuwa zinawasubiri kwa mhasibu mlango wa pili, na watu walikaa wakaandika.

La pili ni hili: lugha mwalimu aje nayo, chuo ni cha ualimu. Sentensi hiyo niliitamka mbele ya bodi ya chuo, na nikapongezwa. Ina sura ya kweli. Lakini sekondari nayo ilikuwa inasema Kiingereza kilitakiwa kijengwe msingi, na msingi wakasema walimu waliotoka chuoni hawakijui. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake mlango, na mwalimu akabaki uani.

La tatu ni la fedha, na hili ndilo la uongo zaidi. Fedha zilikuwapo. Zilitumika kwa mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Watu wachache walifundishwa kwa siku kumi mjini, wao wakafundisha wengine mkoani kwa siku tano, hao wakafundisha wilayani kwa siku tatu, na hatimaye mwalimu wa kijijini akapata alasiri moja kutoka kwa mwenzake aliyerudi na makabrasha. Maji yaliyochotwa ziwani kwa pipa yalifika kwake katika kifuniko cha chupa. Mbinu unaweza kuipitisha hivyo, kwa sababu majina yake hupita: mwalimu wa mwisho atajua kusema vikundi, bunga bongo na igizo dhima. Lugha haipiti kwenye ngazi hizo. Huwezi kumpa mtu msamiati na sikio na uzoefu wa kusoma katika alasiri moja. Nami nadhani hiyo ndiyo sababu wakubwa wanapenda mbinu: inaingia katika siku tano, na inaingia katika kisanduku cha taarifa. Lugha inataka miaka, na katika miaka hiyo mradi utakuwa umefungwa na aliyeuanzisha amehamishwa. Kitabu hiki nakilipia mwenyewe kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, kwa hiyo hakuna wa kunikatia aya hii.

Siku hizi kuna mpango wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaotaka walimu wakutane hukohuko shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza badala ya kusombwa kwenda mjini. Hilo nalipongeza kwa dhati; laiti lingekuwapo zamani. Nimealikwa katika vikao viwili vya namna hiyo nikiwa mzee wa jirani. Katika vyote viwili walimu wa lugha walijadili namna ya kupanga vikundi katika darasa kubwa. Walijadili vizuri, kwa heshima. Mwishoni niliomba ruhusa niulize swali moja: nani kati yao amesoma kitabu kizima mwezi huu, cha lugha anayoifundisha? Walitazamana. Kijana mmoja akasema kwa unyoofu, "Mzee, hata mwaka huu." Kumbe wengine wana vishikwambi, vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 wakagawiwa walimu, na ndani ya kifaa kile inaingia maktaba kubwa kuliko ile niliyoilinda chuoni kwa kufuli. Vipo kwenye droo, vinatolewa kwa kujaza takwimu.

Kama ningepewa tena fedha za ile semina ya 1996 ningeanza na rafu moja ya vitabu katika kila shule, na kamusi mbili, na ningelala nikijua kwamba hata zikiibwa zimeibwa na mtu anayetaka kusoma. Ningewaacha walimu mezani saa moja kwa wiki wakisoma kurasa zilezile na kubishana juu yake, wa Kiswahili kwa Kiswahili na wa Kiingereza kwa Kiingereza, wakiandika kidogo na kusahihishana. Kwa maana kusahihisha insha, ambako yule mwalimu wa mikondo mitatu alikuomba, hujifunzwa kwa kuweka insha moja mbele ya watu watano na kuuliza tungesahihisha nini na tungeacha nini. Kwa walio nyuma kabisa ningeweka kozi ndefu ya lugha, wakati wa likizo, mwaka hadi mwaka, wakifundishwa lugha kama wanafunzi bila aibu. Na ningetuma mtu darasani. Wakufunzi wangu niliwatuma, ni kweli, lakini niliwatuma na fomu ya kutoa alama: andalio la somo, zana, unadhifu wa ubao, matumizi ya sauti. Sauti ilimaanisha isikike hadi nyuma. Hapakuwa na mahali pa kuandika kama mwalimu anaijua lugha anayoifundisha, kwa hiyo hakuna aliyetazama.

Mwaka jana nilikuwa katika foleni ya benki, siku ya pensheni. Mama mmoja mbele yangu akageuka, akanitazama, akanisalimia, "Shikamoo Mkuu." Sikumtambua hadi alipojitaja shule yake. Ni yule wa semina ya nne. Amestaafu naye. Tulizungumza habari za magoti na za wajukuu, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa kama mtu anayeuliza bei, ile fomu yake ilifika wapi.

Nilimwambia iko nyumbani kwangu, kwenye boksi.

Alinyamaza. Foleni ikasogea. Halafu akasema alikwishajifunza Kiingereza mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka hamsini, kwa redio na kwa Biblia mbili, ya Kiswahili mkono huu na ya Kiingereza mkono huu, akizilinganisha mstari kwa mstari. Miaka minane ya mwisho ya kazi yake ndiyo aliyofundisha akiwa na hakika. Kabla ya hapo, alisema, kuna watoto wa miaka ishirini ambao hajui aliwapa nini.

Jumamosi jioni huwa tunasoma barazani kwangu, mimi na walimu vijana watatu wa shule za jirani, wiki hii Kiswahili, wiki ijayo Kiingereza. Hakuna anayelipa wala kulipwa, chai anapika mke wangu. Mama yule ameanza kuja, na anakuja na Biblia zake mbili ingawa hatusomi Biblia. Jumamosi iliyopita tulimaliza kurasa mbili tu, kwa sababu tulikwama kwenye neno moja ambalo kila mtu alikuwa na maana yake, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ninayoimiliki, ile ya mwaka 1981, haikuwa nalo. Kijana mmoja amesema atakuja na kishikwambi chake.